Fundi wa kwenye simu haoni

Saa tatu na dakika kumi usiku, Jumamosi, simu inatetemeka juu ya meza. "Habari za jioni wakuu." Nimo kwenye kundi la WhatsApp la watu wa sola: mafundi, wauza vifaa, wenye nyumba waliochoka na giza, na wengine walioingizwa na shemeji zao ambao hawajawahi kusema neno. Watu watatu wanaitikia. "Nzuri mkuu." "Salama kabisa." Kisha kimya. Dakika saba baadaye: "Kuna fundi hapa?" Wapo, tena wamejaa tele. "Nina tatizo." Mmoja anamwambia aseme. Kimya tena, mpaka saa nne kasoro ndipo anarudi na sentensi aliyokuwa akiizunguka muda wote huo: "Inveta yangu inalia, nifanyeje?"

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, hulia kwa sababu nyingi, kama mtoto mchanga. Hulia betri ikiisha, mzigo ukizidi, feni ikigoma, joto likipanda. Nyingine ikilia milio mifupi ya harakaharaka ina maana yake, na mlio mmoja mrefu una maana tofauti kabisa. Kumjibu mtu huyu kwa haki ingebidi kwanza aulizwe maswali kumi, na usiku wa Jumamosi hakuna mwenye maswali kumi ya kugawa bure. Akatokea mmoja wa wale wasiokosekana: "Hiyo imekufa, nunua mpya." Yakaishia hapo. Likafuata tangazo la viwanja.

Nimekaa kwenye makundi ya namna hii muda mrefu, kwanza ya watu wa kompyuta, sasa haya ya sola, na kila mara mjadala wa adabu ukizuka unakwenda upande uleule. Wazee wa kundi hulalamika kwamba vijana hawasalimii, hawashukuru, wanauliza kama wanaagiza chipsi. Vijana nao hulalamika kwamba wakubwa wana majivuno. Wote wanazungumzia unyenyekevu. Kwangu mimi hilo ni jambo la pili, pengine la tatu. Yule wa Jumamosi alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, alisalimia, akabisha hodi, akaita watu wakuu. Alichokosa ni kitu kimoja tu: hakumpa yeyote kati yetu macho yake.

Fikiria ufundi tunavyoujua. Ukipeleka redio kwa fundi, hata hujamaliza kueleza, keshasema "lete nione." Hataki hadithi yako. Anaipokea, anaitikisa sikioni, anaifungua, anainusa. Fundi mzoefu akinusa saketi iliyoungua anajua pa kuanzia kabla hajashika bisibisi. Na kijana wake aliyekaa pembeni anajifunza kwa kumshikia tochi: miaka miwili, mitatu, anatazama mikono. Hakuna siku anaambiwa aeleze ubovu kwa maneno, kwa sababu ubovu wenyewe uko pale mezani, wote wanauona. Ndivyo ufundi ulivyopita mkono kwa mkono Gerezani ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi na kila gereji ya chini ya mwembe, na umetufaa.

Kisha ikaja simu. Sasa fundi yuko Mwanza, redio iko Lindi, na katikati yake kuna maneno tu. Fundi wa kwenye simu haoni, hanusi, hagusi. Hajui kama unazungumzia kifaa kikubwa kama sanduku la nguo au kidogo kama sabuni. Anayeuliza ndiye macho yake, pua yake na vidole vyake, na kama hukumwazima, amebaki kupiga ramli. Kwa hiyo swali la kiufundi lina adabu yake mahsusi, ambayo hatukufundishwa nyumbani wala gereji.

Wenzetu waliotangulia kuzungumza kwa kompyuta waligongana na jambo hili mapema. Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ulikuwa na msimu wake wa maumivu. Kila Septemba vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walimiminika na maswali yaleyale ya mwaka uliopita, wakaonywa, na ndani ya wiki chache wakazoea desturi za mahali. Mwaka 1993 wageni wakaanza kuingia bila kukoma, kwa sababu intaneti ilikuwa imeanza kuuzwa kwa kila mtu, na wenyeji wakauita mwezi ule Septemba isiyokwisha. Mwenye kundi lolote la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili anaijua Septemba hiyo vizuri.

Lakini katika makundi hayohayo ya Usenet kuna swali moja ambalo ningependa kulichapa na kulibandika ukutani. Tarehe 3 Julai 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliandika kwenye kundi la watumiaji wa mfumo wa Minix. Alisema ana kazi fulani anayoifanya ndani ya Minix, kwa hiyo anahitaji maelezo ya viwango vya POSIX. Akasema angependa yawe katika hali ya kusomeka na kompyuta. Akaongeza kwamba akielekezwa kwenye seva ya kupakulia mafaili itamfaa. Basi. Mistari michache. Hakujieleza yeye ni nani wala hakuomba radhi kwa kusumbua. Lakini ukiisoma unajua anataka nini, kwa nini anakitaka, kiwe cha namna gani, na hata umpeleke wapi. Jina lake ni Linus Torvalds, na kazi ile ndiyo Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android inayotumika kutuma "kuna fundi hapa?" Ari Lemmke, Mfini mwenzake, ndiye aliyekuja kumpa nafasi kwenye seva, na ndiye aliyeipa folda hiyo jina la Linux wakati Torvalds mwenyewe alikuwa amelitaka jina jingine.

Sisemi kwamba ukiuliza vizuri utakuwa Torvalds. Ninachopenda pale ni neno dogo la kwa nini. Alisema kazi anayoifanya. Na hilo ndilo linalokosekana zaidi kwetu kuliko hata namba ya modeli.

Nitoe mfano niliouona kwa macho, hatua kwa hatua, maana ulinifundisha kuliko makala yoyote.

Jamaa mmoja aliuliza hivi: "Wadau, betri gani nzuri ya 200Ah kwa sasa?" Swali safi kwa kulitazama, fupi, linajibika. Na lilijibiwa! Ndani ya nusu saa kulikuwa na majibu kama arobaini. Huyu anataja kampuni hii, yule anasema hiyo siku hizi wanachakachua, wa tatu anasema achana na betri za maji nenda lithiamu, wa nne ana duka na anaweka namba yake. Ugomvi mdogo ukazuka kuhusu betri za mtumba. Yule jamaa alikuwa tayari kutoa laki kadhaa kesho yake asubuhi.

Ndipo mzee mmoja wa kundi, mtu asiyeandika zaidi ya maneno matano kwa wakati, akauliza: "Hiyo uliyonayo ina nini?"

"Imechoka mkuu."

"Umejuaje?"

"Inveta inalia na kuzima friji ikitaka kuwaka. Taa na TV haina shida."

"Betri ya lini?"

"Mwezi wa nne huu."

Betri ya miezi minne si rahisi kuchoka kwa friji dogo. Mzee akamwambia achukue mita, apime volti kwenye vichwa vya betri wakati friji linajaribu kuwaka, halafu apime tena palepale nyaya zinapoingia kwenye inveta. Namba zilikuwa zinaruka haraka, ikabidi arudie mara tatu. Kwenye betri: 12.2. Kwenye inveta: 9.6. Mzee akaandika "Piga picha waya." Picha ikaja. Ulikuwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule tunaofungia soketi za nyumbani, umetoka barazani, umepita juu ya mlango, umeshuka ukutani hadi sebuleni. Mita nne kwenda, mita nne kurudi. Mke wake, akaeleza, hakutaka betri ndani kwa sababu ya harufu, na katika hilo mama alikuwa sahihi kabisa.

Asiyekuwa mtu wa umeme anaweza kushangaa. Waya huo kwenye soketi unabeba friji hilohilo bila shida. Ni kweli, lakini kule umeme una volti 230, na friji linahitaji ampea chache tu. Kwenye volti 12, nguvu ileile inahitaji ampea karibu mara ishirini. Friji dogo likishtuka kuwaka linaweza kuvuta ampea arobaini na zaidi kutoka kwenye betri kwa sekunde moja au mbili, na waya mwembamba wa mita nane unakula volti mbili na nusu hivi njiani kabla hazijafika. Inveta nyingi za volti 12 zikiona volti ziko chini ya 10.5 hujizima ili kuilinda betri. Yake ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Betri nzima, inveta nzima, friji zima. Waya ndio uliokuwa mgonjwa, na kundi zima lilikuwa linamnunulia betri mpya ambayo ingelia vilevile.

Sasa tazama kosa lilikuwa wapi. Hakudanganya, hakukosa heshima. Alishapima mwenyewe kichwani, akatoa hukumu kwamba betri imechoka, akaja kwetu akiwa na hukumu mkononi, ugonjwa ameuacha nyumbani. Simon Tatham, aliyeandika programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 maelezo ya namna ya kuripoti hitilafu za programu, na moja ya mambo anayoyasisitiza ni hilo: tenganisha ulichokiona na unachokidhania, na ulichokiona kije kwanza. Mwalimu wangu wa zamani wa karakana alikuwa na njia fupi zaidi. Ukisema "naona koili imekufa," anakujibu, "Umeiona wapi ikifa?"

Kiswahili chetu nacho kina mchango wake katika mkanganyiko huu, na hapa naomba nisieleweke vibaya maana naipenda lugha hii. Tuna vitenzi vitamu vinavyotuondolea lawama. Imeharibika. Imeungua. Imekatika. Imejizima. Hakuna mtu aliyefanya lolote, kitu kimejitendea. Na tukiona haitoshi tunaongeza "yenyewe": imezima yenyewe, imejifuta yenyewe. Nyumbani ni adabu nzuri. Glasi ya mgeni ikianguka tunasema imevunjika, hatusemi umeivunja. Kwenye swali la kiufundi, lile lililofichwa ndani ya "yenyewe" mara nyingi ndilo jibu.

Nalijua hili kwa sababu nimelifanya. Miaka ya mwanzo nilifunga chaji kontrola, kifaa cha kusimamia uchaji wa betri, nyumbani kwangu usiku, kwa mwanga wa simu iliyobanwa mdomoni, na nikachanganya: nyekundu ikaenda penye nyeusi. Palitoka cheche, ikafuata harufu ile isiyosahaulika. Nikazirekebisha nyaya, kontrola haikuwaka. Nikaingia kundini na kuandika, Mungu anisamehe, "Chaji kontrola mpya kabisa imegoma yenyewe." Watu wazima wenye familia zao wakaacha chakula kunisaidia. Mmoja akanitumia mchoro. Mwingine akaniambia nisubiri jua la asubuhi nipime paneli. Wa tatu akanishauri nirudishe dukani, na nikaanza kweli kumtungia mwenye duka maneno makali. Karibu saa mbili zikapita. Kisha mtu mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Ulianza kufunga nini, betri au paneli?" Betri, nikajibu, kwa fahari, maana ndiyo taratibu. "Sawa. Nyekundu ilianzia wapi?"

Nikazima data.

Nilirudi baada ya siku mbili, nikasema ukweli. Hakuna aliyenicheka. Au walicheka, lakini si kundini. Ila najua kwa nini nilificha, na ninadhani wengi huficha kwa sababu hiyohiyo: fundi hataki kuonekana hajui. Kuna wanaouliza kwa niaba ya "jamaa yangu mmoja" ambaye kila ukimwuliza habari zake anajibu papo hapo, na betri ya jamaa huyo inaonekana iko mbele yake. Mteja kasimama, kazi kaichukua kwa kujiamini, hawezi kuandika kwamba ameshaunguza fyuzi mbili. Methali inasema kuuliza si ujinga, na kila mtu huinukuu, lakini siku ukiuliza kitu kidogo atatokea tu mtu wa kuandika, "Fundi gani hujui hili?" na emoji tatu za kucheka. Sentensi hiyo moja hufunga midomo ya watu mia wanaosoma kimyakimya. Kama wewe ni admini wa kundi, huyo ndiye wa kumwonya, kabla ya yule aliyesahau kusalimia.

Maana wanaojibu nao wana deni la adabu. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen waliandika waraka wa Kiingereza juu ya kuuliza maswali kwa akili, ukasomwa dunia nzima na watu wa kompyuta. Una mengi mazuri ndani yake: tafuta kwanza, eleza ulichojaribu, andika kichwa cha habari kinachoeleweka. Lakini uliandikwa kwa sauti ya mtu aliyekaa juu ya ngazi, na wengi walioupokea waliugeuza fimbo. Mtovu wa adabu akawa ni yule mgeni tu. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilijenga juu ya msingi huo hazina kubwa ya majibu, ikajenga pia sifa ya kuwafungia watu maswali mlangoni, hata mwaka 2018 wenyewe wakakiri hadharani kwamba mahali pale hapakuwa pakikaribisha wageni.

Na ule ushauri wa "soma kitabu chake kwanza" unachukulia kwamba kitabu kipo na kimeandikwa kwa lugha yako. Nimefungua maboksi ya inveta nyingi. Kitabu kikiwemo ni cha Kiingereza, kingine Kichina upande mmoja na Kiingereza cha ajabu upande wa pili. Kijana aliyejifunza kwa kushika tochi, hodari wa mikono, hana la kusoma pale zaidi ya michoro. Ukimwambia "gugo hiyo" unampeleka kwenye maktaba isiyozungumza naye, kwa bando lake mwenyewe. Kwa mtu kama huyo kundi la Kiswahili ndicho kitabu chenyewe, na hatuna haki ya kumtukana kwa kukifungua.

Hapo kwenye kitabu ndipo nina ugomvi na mambo mawili ambayo watu huyaona madogo. La kwanza ni "njoo inboksi." Mtu anauliza hadharani, mjuzi anamwita faragha, tatizo linatatuliwa huko, na sisi mia nne tunabaki tunatazama mlango uliofungwa. Naelewa kwamba wengine ndiko wanakotajia bei ya kazi, na ufundi ni riziki, hakuna ubaya. Lakini jibu la dakika mbili ambalo lingebaki kundini kwa ajili ya mwingine mwezi ujao linazikwa. La pili ni baya zaidi: "Nimeshapata, asanteni." Umepata nini? Wapi? Ulifanyaje? Mchora katuni Randall Munroe ana katuni moja ya mwaka 2011 juu ya mtu anayekuta mtandaoni mwenye tatizo kama lake lilelile, miaka mingi nyuma, halafu hakuna jibu, na yule aliyeuliza katoweka. Nimecheka nayo, na imewahi kunitoa machozi ya hasira saa saba za usiku.

Watu wa JamiiForums, kijiwe chetu cha mtandaoni cha tangu 2006, walilipatia jambo hili neno ambalo ningependa lienee kila mahali: mrejesho. Ukianzisha uzi wa kuomba ushauri pale, uwe wa gari au wa mchumba, watu hawakuachi. "Mkuu, mrejesho?" Wanakukumbusha wiki, mwezi, miaka. Wengine hufanya hivyo kwa umbea, tusidanganyane. Lakini mrejesho ndio malipo pekee ambayo mtu wa mbali anaweza kupata kwa muda wake: kujua kama alichodhania kilikuwa kweli. Aliyekwambia "badili waya" hatajua kama yeye ni fundi mzuri au mpiga ramli mwenye bahati mpaka urudi umwambie.

Turudi kwenye salamu, maana nimeiacha njiani. Watengeneza programu wa Ulaya na Marekani wana hata kurasa maalumu za kumkanya mtu asitume "hujambo" peke yake kisha akasubiri. Nusu yao wana haki. Lakini nusu nyingine wanazungumza kama watu wasio na majirani. Kwetu mtu anayeingia bila salamu ameingia kama mwizi, na sioni sababu ya kuiacha desturi hiyo kwa sababu ya simu. Ila hodi hupigwa na mtu aliyekwisha kufika mlangoni na shida yake mkononi. Hakuna anayepiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti dakika arobaini ndipo aseme alikuja kuazima chumvi. Salamu na swali vije pamoja, kwenye ujumbe mmoja: "Salaam wadau. Nina inveta ya wati elfu moja, betri moja ya 200Ah ya miezi minne, friji dogo. Friji likitaka kuwaka inveta inalia na kuzima. Taa na TV viko sawa. Nimepima betri ni 12.6 bila mzigo. Nyaya ni za mita nne, picha hii hapa. Nianzie wapi?" Umesalimia, umetoa macho, masikio na mita. Atakayekusoma asubuhi ana kila anachohitaji hata kama wewe umelala.

Na picha ipigwe mchana, jamani, au taa iwashwe. Mara ngapi nimeletewa picha ya giza lenye kidoa chekundu katikati, na chini yake "tatizo ni hili hapa." Piga kibandiko cha nyuma chenye modeli na namba. Piga nyaya zinapoingia. Sauti nazo zina mahali pake: mlio wa inveta urekodi uutume, hilo halina mbadala. Hadithi yako ya dakika nne na sekunde kumi na mbili, yenye kuku na bodaboda nyuma yake, iandike, kwa sababu yule mjuzi yuko kwenye daladala na hana spika za masikioni.

Kuna jambo la hatari ambalo sitalipitia juujuu. Mtu aliuliza kwa nini fyuzi yake inakatika kila mara, akajibiwa na mtu mwenye kujiamini: "Ruka hiyo fyuzi, weka waya moja kwa moja." Jibu hilo lilikuwa na dole gumba sita kabla hajatokea wa kupinga. Fyuzi inayokatika inapiga kelele kwamba kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Ukiinyamazisha, kitakachoungua badala yake ni waya, na waya umepita kwenye dari la mbao. Anayejibu naye hayupo pale, haoni, na nyumba si yake. Ningependa kila jibu lianze na moja ya maneno matatu: nimefanya, nimeona, au nadhani. Lugha yetu inayo yote, na "nasikia" pia ipo kwa wanaoitaka.

Siku hizi wengi wameacha kuuliza watu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, maswali kwenye Stack Overflow yamepungua sana, na hata kwenye kundi letu vijana huja na jibu la mashine wakiomba tu lithibitishwe. Siwalaumu. Mashine haikuchekei na haina "fundi gani hujui hili." Nimeijaribu kwa lile swali la awali, betri gani nzuri ya 200Ah, na ikanipangia aina za betri kwa ustadi mkubwa, hoja kwa hoja. Haikuniuliza ile niliyonayo ina nini. Nilipoipa zile namba mbili, 12.2 na 9.6, na urefu wa waya, ikautaja waya mara moja. Nayo pia ni fundi asiyeona, inategemea macho ya kuazimwa, na ukishapata jibu lako linabaki kwenye simu yako peke yako, kama vile umeitwa inboksi.

Yule jamaa wa betri alirudi baada ya siku tano. Alikuwa ametengeneza kisanduku chenye matundu ya hewa barazani, kaweka betri humo, na inveta kaihamishia upande wa pili wa ukuta huohuo. Waya mnene wa milimita za mraba 25, mita moja tu. Kwenye picha unaona mita ya umeme imeegeshwa juu ya inveta, kidole chake kimeingia pembeni, na namba inasomeka: 12.1, friji likiwaka. Chini yake aliandika alichobadilisha, alichonunua na ambacho hakununua. Yule mzee aliweka dole gumba, hakusema neno. Mtu mwingine, mmoja wa wale ambao hawajawahi kuandika chochote, akauliza waya huo ni bei gani kwa mita na kama vichwa vyake vinabanwa kwa nyundo au kuna mashine.

"Kuna koleo lake maalumu," jamaa akajibu. "Nyundo usijaribu. Nilijaribu."